Neno "dearth": uhaba uliozaliwa na ughali

Mhariri_wa_Ilala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo la lugha limenikaa kichwani wiki ya pili sasa. Nimelileta humu kwa sababu humu kuna watu wenye Kiarabu chao, Kifaransa chao, na Kiswahili cha kila pembe.

Kazi yangu ni kufasiri na kuhariri. Mwezi huu nina makala ndefu ya historia ya Uingereza ya miaka ya 1590, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ukurasa wa tatu mwandishi anaiita miaka hiyo "dear years". Kila aliyesoma darasani Kiingereza anajua "dear" ni mpendwa, ndilo neno la kufungulia barua. Nikaandika "miaka ile mipendwa", nikaendelea kusoma. Mbele yake kuna mvua zisizokatika, mavuno mabovu manne mfululizo kuanzia 1594 hadi 1597, watu wanakonda na wengine wanakufa. Hakuna mtu angeipenda miaka hiyo. Nikafuta. Mistari miwili chini nikakutana na "dearth", ambalo kamusi yangu ya mezani inalipa neno moja tu: uhaba.

Nikayaandika maneno mawili jirani kwenye karatasi, dear na dearth, ndipo nikaona nilichokuwa sikioni miaka yote. Hiyo "th" ya mwisho ni kiambishi. Kiingereza kinakitumia kutengeneza nomino kutokana na sifa: warm, warmth, deep, depth, wide, width. Kazi yake ni ile ile ya u- yetu: refu, urefu, pana, upana. Na "dear" kwa asili, tangu Kiingereza cha kale kilipoliandika "deore", lilibeba mzigo wa pande mbili: kitu chenye thamani moyoni na kitu chenye bei kubwa. Mpaka leo Mwingereza akitajiwa bei iliyopanda anaweza kusema "too dear", na anayemsikia anajua hazungumzii mapenzi.

Kwa hiyo dearth, ukilifungua kiungo kwa kiungo, ni u- na ghali. Ni UGHALI. Wenyewe waliutazama upungufu wa chakula kutokea sokoni, kwenye bei, wala si kutokea kwenye ghala tupu. Maandishi ya katikati ya karne ya 13 tayari yana "derthe", na maana yake ni wakati chakula kimekuwa haba hata bei haishikiki. Karne iliyofuata likaanza kutumika kwa upungufu wa vitu vingine, na leo wanasema "a dearth of evidence" bila kukumbuka sokoni hata kidogo.

Swali langu kwa wafasiri na wapenzi wa lugha: katika makala ya miaka hiyo ya 1590 niandike uhaba, ughali au njaa? Nimejaribu yote matatu na kila moja linaacha kitu nje.

Kasulu_Kwetu

Mkuu ahsante kwa uzi. Mimi miaka yote nilidhani linatokana na "death", kwa sababu njaa inaua. Na huwa nalitamka "dia-th". Naomba kusahihishwa kama nakosea.

Mwalimu_Mstaafu

Ndugu yangu wa Kasulu, umekosea mahali ambapo wengi wanakosea, na ni vizuri umeuliza. Death na dearth hayana undugu wa damu. Death linatoka katika mzizi wa kufa, dearth katika mzizi wa thamani. Yamefanana sura tu.

Kuhusu matamshi, usiseme "dia". Liweke pamoja na earth na birth, irabu moja ya katikati, halafu "th" nyepesi ya thelathini. Sababu yake inapendeza: kiambishi hicho kikishika neno, mara nyingi irabu ya shina inabadilika. Tazama heal na health. Kuponya na afya, shina lile lile, lakini sauti imebadilika kabisa. Wide na width vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia dearth maisha yake yote asimwone "dear" aliyejificha ndani. Na yuko mwingine kajificha kwenye "darling", ambalo zamani lilikuwa "deorling", yaani kipenzi.

Nimfundishe mleta uzi jambo moja dogo la kazi yake. Kiingereza kina maneno mengi ya upungufu na kila moja limeingilia mlango wake. Famine lilikuja na Kifaransa kutoka Kilatini fames, njaa yenyewe ya tumboni. Scarce nalo lilipitia Kifaransa, na asili yake ni kitendo cha kuchuma na kutoa, mzizi mmoja na excerpt, yaani dondoo. Kilicho scarce ni kilichochumwa kikabaki kidogo. Dearth peke yake katika hayo ndilo la Kiingereza cha nyumbani, na ndilo pekee lenye bei ndani yake.

Fungua Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mwanzo 41, habari za Yusufu kule Misri. Aya ya 54 inasema "and the dearth was in all lands". Aya ya 56, jambo lile lile, wameandika "famine". Kiebrania kina neno moja tu mahali pote pawili. Wafasiri wa 1611 waliyaona maneno hayo mawili yanatosha kubadilishana nafasi. Biblia yetu ya Kiswahili inasema njaa, na kwa habari ya Yusufu hakuna neno bora kuliko hilo.

Baharia_wa_Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Mie mzaliwa wa Unguja, nipo Muscat miaka mingi, na uzi huu umenigusa khasa.

Hilo neno ghali mnalolitaja mmelipata kwa Waarabu, na kwa Waarabu lina sura mbili kama hiyo "dear". Hapa Ghuba mtu akikupenda anakwita "ya ghali", ewe wangu wa thamani. Mtu huyo huyo akienda sokoni akaulizia samaki, bei ikimshtua, anasema "ghali". Neno moja, jioni moja, mdomo mmoja. Kiswahili kimechukua upande wa bei, upande wa mapenzi tukauacha baharini, tukabaki na azizi na mpenzi.

Na si hivyo tu. Kutoka ghali wanatengeneza ghalaa, kupanda kwa bei. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo aliyefariki 1442, aliandika risala nzima juu ya misiba ya njaa iliyoipata Misri, na neno lake la misiba hiyo ni ghalaa. Anaposema mwaka fulani kulikuwa na ghalaa, hakusudii vitu vilipanda kidogo, anakusudia Mto Nile haukujaa, ngano ikapotea, na watu wakafa njiani. Basi Waarabu na Waingereza, bila ya mmoja kumwiga mwenzake, walipita njia ile ile: thamani, kisha bei, kisha njaa.

Kwa hiyo ndugu Mhariri, ughali una heshima yake kubwa kuliko tunavyoupa. Tatizo sisi tumeupunguza ukawa lalamiko la dukani.

Lushois

Jambo kwa wote. Mimi niko Lubumbashi, shule tulisoma kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa "cher" ni mpendwa na ni ghali, neno moja. "Mon cher" unamwambia rafiki, "c'est cher" unamwambia mwenye duka. Na vitabu vya zamani vya Ufaransa vina "cherté", ughali, kwa maana ya wakati mgumu wa mkate, karibu kabisa na hiyo dearth. Wana lingine, "disette", la upungufu wenyewe wa chakula. Huku kwetu watu wakilia na maisha wanasema "vie chère".

Mswahili_Hamburg

Ongezeni na Kijerumani. Ghali ni "teuer", na ndilo hilo hilo mpendwa katika lugha ya zamani na ya barua. Luther alipofasiri Mwanzo 41 hakuandika njaa, aliandika "die sieben teuren Jahre", miaka saba ya ughali, na baada yake "Teuerung". Teuer na dear ni ndugu wa shina moja. Yaani ile "dear years" iliyomsumbua mleta uzi, Yusufu wa Kijerumani anayo.

Mzee_wa_Foleni

Nimesoma yote kwa utulivu. Mnasema vizuri lakini naomba nipinge kidogo, kwa sababu mimi uhaba nimeuishi, sikuusoma.

Mwaka 1983 nilikuwa kijana Dar. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, betri za redio, vyote vilikuwa vya kutafuta. Bei ilikuwa imepangwa na Tume ya Bei, imeandikwa, inajulikana. Haikupanda! Unafika duka la kaya una pesa kamili mfukoni, unapanga foleni tangu alfajiri, wengine wanaweka jiwe au ndoo kushika nafasi, saa nne mwenye duka anatoka anasema imekwisha. Sabuni ilikuja mche mmoja mrefu, inakatwa kwa uzi, kila kaya kipande. Nakumbuka kile kipande chetu mama alikianika dirishani siku tatu kikauke, ili kisiishe haraka. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja changu.

Sasa niambieni, hapo ughali uko wapi? Bei rasmi ni ile ile. Sisi hatukusema vitu ni ghali, tulisema vimeADIMIKA. Waliokuwa na bei nyingine ni walanguzi, na hiyo ilikuwa ya gizani. Machi mwaka huo Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, ndipo akaanza operesheni ya walanguzi na wahujumu uchumi. Wengine usiku walikuwa wanatupa sukari na vitambaa wasikutwe navyo.

Ninachosema ni kwamba uhaba na ughali si kitu kimoja. Neno la Kiingereza limetoka kwa watu ambao kwao kila upungufu ulionekana kwenye bei. Kwetu ulionekana kwenye foleni.

Mwana_wa_Machakos

Mzee amesema kweli kabisa, na mimi nitamuunga mkono kutoka huku Kenya. Kwetu Ukambani kila njaa kubwa ina jina lake. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyanya yangu aliiita "Nikw'a ngwete". Maana yake, ninakufa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa! Watu walikuwa na shilingi mkononi na hakuna mahindi ya kununua.

Hiyo njaa huwezi kuiita dearth kwa maana ya asili. Bei haina kazi kama hakuna kinachouzwa.

Mhariri_wa_Ilala

Mzee wangu, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Na wewe wa Machakos, hilo jina la njaa nitalikumbuka siku zote.

Mzee, ninachotaka kukuonyesha ni kwamba Waingereza wale wa 1590 wangekuelewa vizuri zaidi kuliko unavyodhani. Nao walikuwa na walanguzi, na sheria ya 1552 iliwataja kwa makundi matatu: anayenunua bidhaa njiani kabla haijafika sokoni, anayenunua sokoni akauza tena pale pale kwa bei ya juu, na anayenunua mazao mengi au hata yakiwa bado shambani ili ayafungie. Mimi ukurasa huo umenipa kazi nyepesi kuliko zote, kwa sababu kulangua lilikuwa limenisubiri.

Mwaka 1587 serikali ya Elizabeth ilitoa kitabu cha maagizo kwa mahakimu wa wilaya, na katika miaka hiyo mibaya ya tisini kikatolewa tena. Mahakimu waingie ghala kwa ghala, waandike nani ana nafaka kiasi gani, kaya yake ina midomo mingapi, kisha wamlazimishe kupeleka ziada sokoni kila wiki na maskini wauziwe kwanza. Ukisoma hayo huku unakumbuka 1983, unaweza kudhani ni jirani zako.

Lakini jambo lililonishika kuliko yote ni mkate. Uingereza tangu karne ya 13 ilikuwa na sheria ya mkate, na haikupanga bei ipande au ishuke. Mkate wa peni moja ulibaki wa peni moja. Kilichobadilika ni UZITO. Ngano ikipanda, mkate unapungua. Kwa hiyo mtoto wa London hakuambiwa mkate umepanda bei. Alipewa mkate wa peni ile ile, akaona tu kwamba haujazi mkono kama wa mwaka jana.

Nikakumbuka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na unga wa ngano ukapanda. Mama anayeuza maandazi karibu na kwangu hakupandisha bei. Andazi lilibaki shilingi 200, ila lile lililokuwa linanifunika vidole vyote vinne likawa linakaa kwenye viwili. Hakusema kitu na sisi hatukuuliza. Hilo andazi ni ghali au ni haba? Mimi nashindwa kutenganisha, na nadhani dearth lilizaliwa mahali hapo hapo pasipotenganika.

Sitaki kupunguza uzito wa jambo. Kule Newcastle, vitabu vya hesabu vya mji vya 1597 vina malipo ya kuwazika maskini waliokufa mitaani. Hapo walioandika hawakutumia dearth. Waliandika "want", kukosa. Kwa hiyo hata wao walijua kuna mpaka, kwamba wakati mtu anaanguka barabarani neno la bei halitoshi.

Mwalimu_Mstaafu

Mpaka huo baadaye ulichorwa wazi. Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, katika kitabu chake cha 1776 anatenganisha dearth na famine kabisa. Kwake dearth ni mwaka mgumu wa mavuno kidogo na bei kubwa, na famine inatokea pale serikali inapotumia mabavu kutibu dearth kwa njia isiyofaa. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu zipo njaa nyingi zilizoletwa na ukame, vita na nzige bila serikali kugusa bei yoyote. Lakini kwa mfasiri utengano wake una faida: kufika karne ya 18 maneno hayo mawili yalikuwa yameshaachana, wakati 1611 yalikuwa bado yanalala chumba kimoja.

Binti_Pangani

Naomba niingie. Mmeshughulika sana na ghali mkayasahau maneno yetu mawili, na hadithi yake inapendeza.

Kwanza uhaba. Ndani yake kuna haba, na haba ni habba ya Kiarabu, punje. "Haba na haba hujaza kibaba." Kibaba ni kipimo cha nafaka, vinne vinatimiza pishi. Kwa hiyo methali nzima iko jikoni, punje zinaingia kwenye kipimo moja moja. Mtu wa pwani aliyesema uhaba alikuwa anatazama sakafu ya kipimo, punje zinahesabika.

Pili ni adimu, neno la Mzee wa Foleni. Asili yake kwa Kiarabu ni kutokuwepo. Lakini sikilizeni tunavyolitumia: "lulu adimu", "mtu adimu", "kitabu adimu". Siku hizi ukimwambia mtu ni adimu umemsifu. Tumeanza na kukosekana, tumefika kwenye thamani.

Sasa liwekeni jirani na dearth. Kiingereza kilianza na thamani kikaishia kwenye kukosekana. Kiswahili kilianza na kukosekana kikaishia kwenye thamani. Nilipoliona hili usiku wa jana niliamka nikaandika kwenye daftari, kwa sababu sijawahi kulisoma popote na niliogopa litanitoka.

Baharia_wa_Muscat

Binti Pangani, Mungu akuzidishie. Na azizi ni jamaa wa njia hiyo: kwa Kiarabu kitu kikiwa "aziz" ni kipendwa na chenye nguvu, na kitenzi chake kinatumika pia kwa kitu kuwa kigumu kupatikana.

Kasulu_Kwetu

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Swali la mwisho la mwanafunzi: leo hii nikiandika Kiingereza, dearth nalitumia wapi? Naweza kusema dearth ya mbu?

Mwalimu_Mstaafu

Sarufi haikukatazi, lakini sikio litakukatalia. Watu wanasema dearth ya walimu, ya mvua, ya ushahidi, ya viongozi. Vyote ni vitu ambavyo msemaji anavihitaji na anaumia kuvikosa. Mbu wakipungua tunashukuru. Kwa maoni yangu ule upendo wa "dear" haujatoka ndani ya neno, hata kama wasemaji wenyewe hawauoni. Na kwa kawaida lataka "of" baada yake: a dearth of rain. Kwa Kiswahili chake wala usitafute nomino ndefu, sema mvua imekuwa haba, ushahidi ni haba.

Mhariri_wa_Ilala

Wakuu, nimerudi na nilichoamua, mnikosoe kabla sijakabidhi kazi kesho asubuhi.

"Dear years" nimeandika "miaka ya ughali". Nimemfuata Baharia na ndugu wa Hamburg, nikaona neno lina mabega ya kubeba.

"Dearth" nimeligawa. Pale mwandishi anapozungumzia soko, mahakimu, walanguzi na mkate wa peni, nimeandika "ughali wa chakula". Pale anapozungumzia ghala na mashamba yaliyoozeshwa na mvua, nimeandika "uhaba wa nafaka". Newcastle nimeacha iseme njaa na ukata, sikutia ughali hata mara moja, kwa heshima ya Mzee na ya nyanya wa Machakos.

Imebaki sehemu moja tu, kichwa cha makala, ambacho kina neno hilo peke yake bila kitu kingine. Nimeandika "Ughali na Uhaba", maneno mawili kwa moja. Mwenye neno moja linaloyabeba yote mawili aniletee kabla ya saa tatu, nitabadilisha.

Mzee_wa_Foleni

Marahaba, Mhariri. Yaache yote mawili.